Simu Ikichemka Mkononi: Namna ya Kujua Kama Joto Ndilo Linalokwamisha Mchezo

Ndugu zangu watengenezaji wa michezo, ndugu wapimaji, na ninyi mnaokaa na malalamiko ya wachezaji kila siku, habari za mchana.

Lipo lalamiko ambalo kila mmoja wenu ameshalipokea. Mchezaji anaandika kwamba mchezo unaanza vizuri kabisa, lakini baada ya dakika kumi au robo saa unaanza kukwamakwama, na simu inachemka mkononi. Lalamiko likifika ofisini, mpimaji anachukua simu ya aina hiyohiyo iliyolala mezani tangu asubuhi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, anacheza dakika tatu. Fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinachorwa kila sekunde, hakuna tatizo. Anaandika "halijirudii" na kulifunga. Mchezaji hakusema uongo, wala mpimaji hakusema uongo. Mmoja alikuwa na simu ya moto, mwenzake alikuwa na simu ya baridi, na hizo kwa kazi yetu ni simu mbili tofauti.

Hoja yangu leo ni kwamba muda wa fremu, ile milisekunde ya kuchora picha moja tunayoitazama kwenye profaila (programu ya kupimia mchezo), hauna maana mpaka usomwe pamoja na kasi ya saa ya chipu, yaani idadi ya mapigo yake kwa sekunde, kwa wakati huohuo. Milisekunde bila megahezi ni nusu ya habari. Na nusu hiyo ndiyo inayotupeleka kuchokonoa msimbo ambao haukuwa na kosa lolote.

Kwanza tuangalie kinachotokea ndani ya simu. Simu nyingi hazina feni. Joto lote linalozaliwa na chipu, kioo, redio na betri linatoka nje kupitia mgongo na kioo, likaishia hewani na mkononi mwa mchezaji. Kwa njia hiyo simu ya kawaida inaweza kuondoa takriban wati 3 hadi 5 kwa muda mrefu, na mchezo mzito unaweza kula zaidi ya hapo. Ile ziada haina pa kwenda, inajilimbikiza. Chukueni kalamu: simu ya gramu 200 inahitaji takriban jouli 170 ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi. Ziada ikiwa wati 2, nyuzi moja inapanda kila sekunde 85, na nyuzi 10 zinachukua takriban dakika 14. Kwa hiyo mchezaji anayesema "robo saa" anakupa kipimo. Huo ndio muda ambao chuma, kioo na betri vinahitaji ili vishibe joto.

Vikishashiba, mfumo wa simu unashusha kasi. Wengi hudhani chipu inabanwa kwa sababu iko karibu kuungua. Mara nyingi siyo hivyo. Chipu yenyewe huvumilia nyuzi 80 na zaidi. Kinacholindwa ni kiganja cha mchezaji na betri. Mtengenezaji wa simu anaweka kikomo cha joto la nje, kwa kawaida nyuzi 40 na ushei, na kikifikiwa kasi inapunguzwa hatua kwa hatua. Nguvu inayoliwa na chipu inafuata kasi ya saa ikizidishwa na volteji, kisha ikazidishwa na volteji tena. Kasi ikishushwa asilimia 20 na volteji ikashuka asilimia 10, kinachobaki ni 0.8 mara 0.9 mara 0.9, karibu 0.65. Kwa kupoteza humusi ya kasi, simu imeokoa zaidi ya theluthi ya joto. Kwa upande wa simu hiyo ni biashara nzuri sana, ndiyo maana haisiti kuifanya.

Sasa hapa ndipo sisi wa pwani tunapoumia. Joto linatoka kwenye simu kwa kadiri ya tofauti kati ya ngozi ya simu na hewa inayoizunguka. Tuseme kikomo cha ngozi ni nyuzi 43. Kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 23, tofauti ni 20. Kwenye kibaraza cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 33, tofauti ni 10. Simu iliyokuwa ikitoa wati 4 ofisini inatoa wati 2 kibarazani. Ni simu ileile na mchezo uleule, lakini imebaki na nusu ya bajeti. Mchezo unaopita vipimo Nairobi, ambako mchana wa kawaida hauzidi sana nyuzi 25, unaweza kuanguka Tanga bila mstari mmoja wa msimbo kubadilika. Apple wenyewe wanaeleza kwamba iPhone imekusudiwa kutumika katika hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Mchezaji aliyekaa dirishani mwa daladala saa nane mchana, jua likimpiga kioo, ameshaivuka mipaka hiyo kabla hajafungua mchezo.

Ongezeni kava nene la mpira, ambalo linafunika mgongo wote. Ongezeni chaja: simu ikipokea wati 18 na ikapoteza hata asilimia 10 tu njiani, hizo ni karibu wati 2 za joto zinazoingia moja kwa moja ndani ya mwili wa simu. Ongezeni mtandao dhaifu, maana redio inapotafuta mnara ulio mbali inapaza sauti, na kupaza sauti kunakula umeme. Mtu anayecheza huku akichaji kwenye pawabenki, kava limo, mtandao una kijiti kimoja, amekwisha kuitumia bajeti ya joto kabla mchezo wenu haujachora pembetatu ya kwanza.

Nakuja kwenye uchunguzi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kompyuta. Mchezo ukianza kukwama, ufunge kabisa, uufungue papo hapo, urudi sehemu ileile. Ukiendelea kukwama tangu sekunde ya kwanza, shuku joto, kwa sababu simu haikupata muda wa kupoa. Ukiwa mwepesi ghafla, joto halihusiki: kuna kitu kilikuwa kinajilimbikiza ndani ya mchezo, mara nyingi kumbukumbu isiyoachiliwa au orodha ya vitu inayokua bila kufutwa. Kipimo cha pili ni kinyume chake. Usiufunge mchezo, uache palepale, elekeza feni ya mezani mgongoni mwa simu, subiri dakika tano. Fremu zikirudi bila mchezo kufungwa, joto limekiri. Fanyeni vipimo vyote viwili, kwa sababu kimoja kinaweza kudanganya. Kwa mfano, kupakia upya kunaweza kuchukua dakika nzima, na dakika moja ya kupumzika inatosha kurudisha hatua moja ya kasi. Na tafadhali, msiiweke simu kwenye friji. Unyevunyevu wa hewa yetu utageuka kuwa maji ndani yake.

Mkwamo wa joto una sura yake. Ukichora muda wa fremu kwa nusu saa, utaona mstari ulionyooka, kisha ngazi: unapanda, unatulia, unapanda tena. Ngazi hizo ni hatua za kasi zinazoshushwa. Mkwamo wa kumbukumbu hauna ngazi. Una miiba inayozidi kurefuka, fremu moja ya milisekunde 80 katikati ya fremu nzuri. Mkwamo wa sheda, yaani programu ndogo za kuchora, zinazotengenezwa kwa mara ya kwanza unatokea mlipuko ukionekana mara ya kwanza, na hautokei mara ya pili. Mkwamo wa mtandao unaacha fremu zikiwa safi kabisa huku wachezaji wengine wakirukaruka uwanjani. Yupo pia Kiokoa Betri, kinachowaka chaji ikishuka, na ambacho kinabana kasi kwa sababu isiyo ya joto hata kidogo. Wengi wanakisahau kwa sababu chaji huwa imeshuka wakati uleule simu imechemka.

Simu zenye kioo cha hezi 90 au 120, yaani kinachobadili picha mara 90 au 120 kwa sekunde, zina mtego wao. Baadhi zikipata moto hushusha kioo hadi hezi 60. Mchezaji ataona umepungua ulaini, ukisoma kasi ya chipu hutaona kimebanwa kitu. Ni joto, lakini dawa yake ni tofauti, kwa hiyo andikeni kiwango cha kioo kwenye kumbukumbu za jaribio kila mara. Kioo kinachofifia chenyewe katikati ya mchezo nacho ni ushahidi mzuri wa joto, na ni kitu ambacho mchezaji wa kawaida anakiona na anaweza kukueleza.

Sasa maandalizi ya jaribio la kweli. Waya wa USB unachaji simu, na kuchaji kunapasha joto, kwa hiyo jaribio lililofanywa huku waya umechomekwa limeharibika tangu mwanzo. Unganisheni adb, chombo cha kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta, kwa Wi-Fi: chomeka waya mara moja, andika `adb tcpip 5555`, chomoa, kisha `adb connect` na anwani ya simu. Kuanzia Android 11 unaweza hata kuruka waya kwa kuwasha utatuzi usiotumia waya ndani ya chaguo za wasanidi programu. Naona wengi wanatumia `adb shell dumpsys battery unplug` wakiamini wamezuia chaji. Amri ile inaidanganya Android tu kwamba waya haupo. Umeme unaendelea kuingia na betri inaendelea kupata moto.

Chaji simu hadi asilimia 80 hivi, ichomoe, iache nusu saa mpaka joto la betri likaribiane na la chumba. Zima mwangaza wa kujirekebisha na uuweke katikati. Funga kiwango cha kioo kwenye namba moja. Zima Kiokoa Betri. Andika joto la chumba kwa kipimajoto, siyo kwa kukisia. Simu isimame kwenye kishikio au ilale juu ya mbao. Kitambaa kinaifunika, bati linaipoza, na vyote viwili vinapotosha. Andika kama kava lipo au halipo. Kisha tengeneza mzunguko wa dakika mbili unaojiendesha wenyewe, eneo lilelile, maadui walewale, kamera ikipita njia ileile, na uurudie mara 15. Nusu saa. Mzunguko wa kwanza utupeni, kwa sababu ndani yake mna kupakia na kutengeneza sheda. Linganisheni wa pili na wa kumi na tano.

Kila sekunde tano andikeni muda wa fremu wa kati pamoja na ule wa asilimia 95 (ambao fremu 95 kati ya 100 hazizidi), muda wa CPU (kichakataji kikuu), muda wa GPU (kichakataji cha picha), kumbukumbu inayotumika, joto la betri, na kasi ya saa. Joto la betri linapatikana kwa `adb shell dumpsys battery`. Likisomeka 384 maana yake ni nyuzi 38.4. Kwa picha pana zaidi, `adb shell dumpsys thermalservice` inaorodhesha vihisi: aina 0 ni CPU, 1 ni GPU, 2 ni betri, 3 ni ngozi ya simu. Ngozi ndiyo ya kufuatilia. Kihisi cha CPU kinarukaruka nyuzi nyingi ndani ya sekunde moja na kinawatisha watu bure.

Kasi ya saa inasomwa kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/`, kila kiini (sehemu ya chipu inayofanya kazi peke yake) na folda yake, namba zikiwa za kilohezi. Hapa pana kosa ambalo limepoteza siku za kazi za watu wengi. Faili la `scaling_cur_freq` linaonyesha kasi ya sasa, na kasi ya sasa ikiwa ndogo haina maana kwamba simu imebanwa. Huenda hakuna kazi ya kutosha na mfumo umepunguza mwendo kwa hiari. Angalieni `scaling_max_freq`, dari iliyowekwa sasa, na `cpuinfo_max_freq`, dari ya kiwandani. Kwenye simu nyingi, joto linaposhika breki, ile ya kwanza inashuka chini ya ile ya pili. Dari ikiwa imeshuka na kasi ya sasa imeigusa dari muda wote, umebanwa. Dari ikiwa juu na kasi iko chini, rudi kwenye msimbo wako, pengine nyuzi za programu, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake, zinasubiriana.

Simu zinazouzwa kwa wingi kwetu, hizi za Tecno, Infinix na itel, nyingi zinatumia chipu za MediaTek na Unisoc. Tuchukue Helio G99: viini viwili vikubwa vya Cortex-A76 vinavyofika gigahezi 2.2, na sita vidogo vya Cortex-A55 vinavyofika 2.0. Helio G85 ina viwili vya Cortex-A75 na sita vya A55, na imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12, ambayo inakula umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile kuliko nanomita 6 za G99. Kwa mpangilio huo wa sita na viwili, vidogo huwa cpu0 hadi cpu5, vikubwa cpu6 na cpu7. Ukisoma cpu0 peke yake unasoma kiini ambacho uzi mkuu wa mchezo wako haukimo. Tena usiamini kwamba uzi mkuu unakaa kwenye kiini kikubwa. Simu ikichemka unaweza kuhamishiwa kwenye A55, na hapo muda wa fremu unapanda vibaya ingawa gigahezi zinakaribiana. Perfetto, chombo cha kurekodi yanayotokea ndani ya Android, inaonyesha uzi uko kwenye kiini gani kila wakati, na ndiyo sababu naisisitiza kuliko vifaa vingine.

Tukishapata namba zote mbili, hesabu ni ya kuzidisha tu. Mzunguko wa pili: uzi mkuu unachukua milisekunde 12 kiini kikiwa gigahezi 2.2. Zidisha, unapata mapigo ya saa milioni 26.4. Mzunguko wa kumi na tano: milisekunde 17.6, kasi gigahezi 1.5. Zidisha tena. Milioni 26.4. Kazi haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mwendo wa kuifanya. Hapo hakuna haja ya kutafuta kosa jipya kwenye msimbo wa dakika ya kumi na tano, kwa sababu halipo. Lakini tazameni athari: kioo cha hezi 60 kinatoa milisekunde 16.67 kwa fremu. Milisekunde 17.6 imezidi kwa chini ya moja, na kama mnangoja kioo, fremu inasubiri zamu inayofuata, inakuwa 33.3. Mchezaji ameshuka kutoka fremu 60 hadi 30 kwa sababu ya milisekunde moja isiyotimia.

Mapigo yakiongezeka kati ya mzunguko wa pili na wa kumi na tano, mchezo wenyewe unafanya kazi zaidi, na joto ni msindikizaji tu. Kuna hali ya tatu, ngumu zaidi: mapigo yakipungua huku milisekunde zikipanda. Maana yake uzi unasubiri kumbukumbu, ambayo ina saa yake yenyewe na haifuati ya kiini. Kwa kazi za namna hiyo hesabu ya kuzidisha inapinda, na dawa ni kupunguza data inayosafiri, siyo kupunguza hesabu.

Sasa, joto limethibitika. Nani analizalisha? Kungoja dakika ishirini kwa kila swali kunachosha, na kuna njia fupi: msipime joto, pimeni wati. Joto linachelewa, wati zinajibu ndani ya dakika mbili. Android inatoa mkondo wa betri kupitia `BATTERY_PROPERTY_CURRENT_NOW`, kwa maikroampea. Simu ikiwa haichaji, mkondo wa miliampea 900 kwa volti 3.9 ni wati 3.5. Angalieni tu kwamba baadhi ya simu zinatoa alama hasi, na nyingine zinatoa miliampea pale zilipotakiwa kutoa maikro. Pima kwanza kioo kikiwa kimewaka bila mchezo, uandike, kisha uzime kitu kimoja kimoja: vivuli, chembechembe za moshi, fizikia, akili za maadui, gumzo la sauti. Kila ukizima, soma wati. Kinachopunguza nusu wati ndicho cha kushughulikia, hata kama kwenye profaila kilionekana kidogo.

Mara nyingi mtakuta ni pikseli. Kioo cha 1080 kwa 2400 kina pikseli 2,592,000. Kwa baiti 4 kila moja hiyo ni megabaiti 10.4, athari moja ya kioo kizima inaziandika na kuzisoma tena, mara 60 kwa sekunde, takriban gigabaiti 1.24 kwa sekunde kama data haijafinywa. Mwongozo wa Arm, kampuni inayobuni viini vya Cortex, unakadiria miliwati 80 hadi 100 kwa kila gigabaiti kwa sekunde inayopita kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo kila athari ya kioo kizima inagharimu karibu sehemu ya kumi ya wati kwa kubeba pikseli tu, kabla ya hesabu yoyote. Mng'ao, ukungu wa umbali, marekebisho ya rangi, kulainisha kingo: nne tu na mmekula karibu nusu wati kati ya mbili mlizonazo kibarazani. Kuchora kwa asilimia 80 ya kila upande kunabakiza asilimia 64 ya pikseli, na kwenye kioo cha inchi 6.7 wachezaji wengi hawaoni tofauti mchezo ukiwa unakimbia. Maandishi na vitufe vichorwe kwa ukubwa kamili.

Chanzo kingine kisichoshukiwa ni ukumbi wa kusubiria. Mchezaji anakaa dakika nne akichagua nguo na kungoja wenzake, mhusika wake akizunguka kwenye mwanga mzuri kwa fremu 60 au bila kikomo kabisa, na mechi inaanza simu ikiwa imeshapanda nyuzi kadhaa. Kwa wanaotumia Unity, injini ya kutengeneza michezo, `Application.targetFrameRate` inawekwa 60 mwanzoni mwa programu kisha inasahaulika. Ukumbi uwe 30. Tangazo la video lililokwisha nalo likaguliwe: mara nyingine ukurasa wake wa wavuti unaendelea kuwa hai nyuma ya mchezo ukila kiini kizima.

Hezi za kioo lazima zigawanyike kamili kwa kikomo cha fremu. Kwenye hezi 60 una 60 au 30. Ukiweka 40 baadhi ya fremu zitakaa zamu moja na nyingine mbili, na mchezaji ataona mtikisiko mbaya kuliko 30 iliyotulia. Hezi 90 inakubali 45. Hezi 120 inakubali 40, milisekunde 25 kamili kila fremu.

Mchezo ujirekebishe wenyewe kabla breki ya mfumo haijashikwa. Android 10, mwaka 2019, ilileta hali za joto kutoka 0 hadi 6, ambapo 3 ni kali na 6 ni simu kujizima. Android 11 ikaongeza `getThermalHeadroom`, ambayo inakupa makadirio ya jinsi simu itakavyokuwa imekaribia kubanwa sekunde chache mbele, 1.0 ndipo hali ya 3 inapoanza. Anzeni kupunguza kwenye 0.8 hivi, maana ukingoja 1.0 umechelewa. Msiiulize zaidi ya mara moja kwa sekunde, itawarudishia NaN, yaani "siyo namba". Zipo simu zinazorudisha NaN daima kwa kuwa mtengenezaji hakuitegemeza. Hapo tegemeeni mwelekeo wa muda wa fremu. Upande wa iOS, tangu toleo la 11, kuna `thermalState` yenye ngazi nne, na kufika `serious` ni dalili kwamba mmeshabanwa. Kushuka kuwe kwa haraka, kupanda kuwe kwa pole, angalau dakika moja ya utulivu kabla ya kurudisha ubora, la sivyo picha itapandashuka mbele ya mchezaji kila sekunde ishirini.

Kujaribu kama mchezo unaitikia, andikeni `adb shell cmd thermalservice override-status 3`. Amri hii haipashi simu wala haishushi kasi, inatangaza hali tu. Mkimaliza andikeni `adb shell cmd thermalservice reset`, kwa sababu simu iliyosahauliwa kwenye hali ya 3 imewahi kuonekana kama mchezo mbovu kwa wiki nzima katika ofisi zaidi ya moja.

Msisahau kwamba kisababishi kinaweza kuwa nje ya mchezo na nje ya hewa. Machi 2022 iligundulika kwamba huduma ya Samsung ya kusimamia michezo ilikuwa inabana programu kwa kutazama jina la kifurushi, yaani kitambulisho cha programu ndani ya mfumo. Geekbench, wenye programu ya kulinganisha kasi za simu, wakaziondoa Galaxy S10 hadi S22 kwenye orodha zao, na Samsung wakatoa sasisho lililompa mtumiaji uchaguzi. Funzo kwa mchunguzi ni la kiufundi: kama simu inabana tangu dakika ya kwanza ikiwa baridi, jengeni nakala ya mchezo yenye jina jingine la kifurushi mlinganishe. Mwaka uliofuata, iPhone 15 Pro ilipolalamikiwa kwa joto, Apple walieleza kwamba kulikuwa na hitilafu ndani ya iOS 17 pamoja na programu chache zilizoilemea chipu, mojawapo ikiwa mchezo wa Asphalt 9, na iOS 17.0.3 ikatolewa mapema Oktoba 2023. Mfumo na mchezo vyote vilikuwa na sehemu yao. Andikeni toleo la mfumo kwenye kila ripoti.

Na kwa ninyi mnaojibu wachezaji: msijibu kwanza kwamba simu yake ni dhaifu. Amelipia bando, ametenga muda wake. Muulizeni mambo machache yanayojibika: ulikuwa unachaji? Kava lilikuwepo? Ulikuwa ndani au juani? Kioo kilififia chenyewe? Ulipofunga na kufungua papo hapo, uliendelea kukwama? Majibu hayo matano, pamoja na aina ya simu na dakika ulipoanza mkwamo, yanamwezesha mpimaji kuzima kiyoyozi, kuvisha simu kava, na kuliona tatizo lilelile kwa macho yake mchana huohuo.